Kufundisha Kiingereza kwa Miradi ya Katuni katika Shule za Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaofundisha Kiingereza nchini Japani, au wanaojiandaa kwenda, hasa wale wanaoajiriwa kuwa walimu wasaidizi wa lugha katika shule za msingi na sekondari ya chini. Maswali yamepangwa kuanzia ya msingi hadi hali zisizo za kawaida. Pale ambapo jibu moja linategemea lingine, nimemwelekeza msomaji huko badala ya kurudia.

## Misingi

Mradi wa katuni ni nini, na unatofautianaje na kusoma katuni darasani?

Ni kazi ya vipindi kadhaa ambamo mwanafunzi anatunga na kuchora hadithi fupi ambayo maneno yote ya wahusika wake ni ya Kiingereza, kisha anaisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Kusoma katuni iliyotungwa na mtu mwingine ni zoezi la ufahamu, nalo lina nafasi yake. Kutunga kunamdai mtoto zaidi: lazima aamue nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini anasema wakati huo. Mambo hayo matatu hukosekana kabisa mtoto anaponakili sentensi kutoka ubaoni.

Kwa nini katuni, na si insha fupi?

Kwa sababu mchoro hubeba yale ambayo mtoto bado hawezi kuyasema, na kumwachia sehemu ndogo ya maneno anayoimudu. Nitoe mfano wa kazi ya mwanafunzi wa darasa la sita niliyoiona ikikua mbele yangu. Katika kisanduku cha kwanza, msichana ameketi mgahawani na kusema *I'm hungry.* Katika cha pili mhudumu anamwuliza *What would you like?* naye anajibu *Pizza, please.* Kisanduku cha tatu hakina neno: pana sahani kubwa nyeupe, na katikati yake piza yenye ukubwa wa kifungo cha shati. Katika cha nne msichana ameinamisha uso mpaka pua inakaribia kugusa sahani, na puto lake, yaani duara la maneno anayosema, lina maneno mawili tu: *It's small.*

Sentensi hiyo ya mwisho imo katika somo la kila mtoto wa Japani anayeanza Kiingereza. Katika daftari haina uzito wowote, lakini ndani ya puto lile ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na sababu, na darasa zima liliielewa bila tafsiri. Mwandishi wa insha angehitaji kueleza mgahawa, matumaini, mshangao na huzuni, na msamiati wa mtoto wa miaka kumi na miwili ungemwishia njiani.

Je, mtaala wa Japani unaruhusu kazi ya namna hii?

Unaruhusu, mradi kazi ifungwe kwenye malengo ya somo husika. Tangu Aprili 2020 Kiingereza ni somo rasmi katika darasa la tano na la sita, kwa vipindi 70 kwa mwaka vya dakika 45 kila kimoja. Darasa la tatu na la nne huwa na vipindi 35 vya shughuli za lugha ya kigeni, ambavyo havihesabiwi kuwa somo lenye alama. Katika sekondari ya chini vipindi ni 140 kwa mwaka, vya dakika 50.

Katuni yenyewe si jambo geni shuleni, kwani marekebisho ya mtaala ya mwaka 1998 yaliitaja waziwazi katika somo la sanaa la sekondari ya chini. Hata hivyo, shule nyingi humkataza mwanafunzi kuja na vitabu vya manga, yaani katuni za Kijapani, kutoka nyumbani, hivyo usishangae mwalimu mwenzako akisita mwanzoni. Mwonyeshe ni muundo gani wa sentensi wa kitabu cha kiada utakaotumika katika kila kisanduku, naye atakuelewa haraka kuliko ukimweleza kwamba watoto watafurahi.

Ianze darasa la ngapi?

Katika darasa la tatu na la nne, lugha ni ya kusikiliza na kusema. Herufi wanazionja tu. Hapo mtoto achore, na maneno ayaseme kwa mdomo huku akionyesha visanduku kwa kidole. Katika darasa la tano na la sita anaanza kuandika, lakini lengo la mtaala kwa umri huo ni kunakili maneno aliyokwisha kuyasikia na kuyasema, na kuandika kwa kufuata mfano. Kumtaka abuni sentensi kutoka hewani ni kumwonea. Weka ubaoni sentensi nane au kumi za mfano, kila moja ikiwa na nafasi ya kubadilisha neno moja au mawili. Uhuru wa kweli wa kutunga huja sekondari ya chini, na hasa mwaka wa tatu, ambapo hufundishwa sentensi za kudhania kama *If I were a bird*, ambazo hazina makao mazuri kuliko katuni.

Unachukua vipindi vingapi?

Vitano vinatosha shule ya msingi: kimoja cha kujaza maputo matupu ya katuni ya mfano, kimoja cha rasimu, viwili vya kazi safi, na kimoja cha kusomeana. Ukiongeza cha sita, kitaliwa na rangi. Omba nafasi mapema, kwani mwaka wa shule huanza Aprili na ratiba za muhula hujaa kabla hujafungua mdomo. Februari hufaa sana kwa darasa la sita, ambalo wakati huo hurudia kumbukumbu zao za shule ya msingi na sentensi za wakati uliopita kama *I went to* na *I enjoyed*.

## Ukurasa na visanduku

Kwa nini walimu wengi hushikilia visanduku vinne?

Kwa sababu watoto wa Japani wanakijua kipimo hicho tangu hawajaanza kusoma vizuri. Katuni ya visanduku vinne, inayoitwa *yonkoma*, ndiyo ya magazetini, na visanduku vyake hupangwa kimoja chini ya kingine. Aghalabu hufuata hatua nne ziitwazo *kishotenketsu*, mpangilio ambao asili yake ni mashairi ya Kichina ya mistari minne: kuanzisha jambo, kuliendeleza, kuligeuza, kulihitimisha.

Hatua ya tatu, ile ya mgeuko, ndiyo yenye faida kubwa kwa mwalimu wa lugha. Sisi tuliolelewa na ngano za Sungura na Fisi tumezoea hadithi inayosukumwa na ugomvi au hila, na tukiwapa watoto wa Kijapani maelekezo ya aina hiyo tunawatoa kwenye njia waliyoizoea. Mgeuko wao hauhitaji ugomvi: piza ni ndogo, mbwa ndiye aliyekuwa akiendesha gari, kumbe leo ni Jumapili. Mgeuko wa namna hiyo huonekana kwa macho, na kwa hiyo hauhitaji sentensi ngumu.

Katuni isomwe kutoka kulia au kutoka kushoto?

Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu maandishi ya Kijapani ndani yake husimama wima na mistari yake huanzia kulia. Kiingereza hulala na huenda kushoto kwenda kulia. Ukurasa wa visanduku vingi ulioachwa bila maelekezo huzaa mchanganyiko ambamo jibu linasomwa kabla ya swali. *Yonkoma* hupunguza tatizo hilo kwa kuwa macho hushuka moja kwa moja chini, lakini hata ndani ya kisanduku kimoja mkumbushe mtoto kwamba anayesema kwanza akae kushoto.

Umbo la puto nalo huleta shida. Mvulana mmoja wa darasa la tano alichora puto jembamba na refu, kama alivyoyaona maishani mwake yote, kisha akaandika ndani yake *strawberry*, herufi moja chini ya nyingine, kumi zikishuka kama ngazi. Alipofika kwenye *y* ya mwisho alikuwa amegusa nywele za mhusika wake. Hakuwa amekosea; alifuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu. Mweleze mtoto kwamba neno la Kiingereza halikatwi wala halisimamishwi, na puto lake hulala kama yai.

Waanze na mchoro au na maneno?

Maneno, kila mara. Wachoraji wa manga wenyewe huanza na rasimu ya haraka yenye visanduku, watu wa vijiti na mazungumzo. Rasimu hiyo huitwa *nemu*, na neno hilo hilo hutumika kwa maneno ya ndani ya maputo. Ukiwaambia watoto kwamba wanafanya *nemu* kama wachoraji wa kweli, hutahitaji kuwabembeleza.

Utaratibu ni kuandika sentensi kwanza, kuzungushia puto baadaye, na mwisho kumchora anayesema. Mtoto aliyeanza na puto hujikuta akibana herufi hadi hazisomeki, kisha anafuta. Watoto hawa hufuta sana. Nimemwona msichana akisugua kwa kifutio mahali pale pale mpaka karatasi ikatoboka, naye akatazama lile tundu kana kwamba amevunja kitu cha watu. Ndiyo maana *nemu* iandikwe kwenye karatasi ya kuchakaza, na masahihisho yote yaishie hapo.

## Lugha ndani ya puto

Puto moja liwe na maneno mangapi?

Yasizidi manane. Kanuni hii nimeishikilia kuliko nyingine yoyote, kwa sababu udogo wa puto ndio unaofundisha. Mtoto mwenye nafasi ndogo hulazimika kuuliza ni neno gani analolihitaji kweli, na huko kuuliza ndiko kujifunza. Tena, maneno manane yanasomeka kwa pumzi moja, jambo linalohitajika siku ya kusomeana.

Je, waruhusiwe kuandika katakana (herufi za Kijapani za kuandikia maneno ya kigeni) juu ya maneno ya Kiingereza?

Kwenye *nemu* ndiyo, kwenye kazi safi hapana. Katakana humsaidia mtoto kukumbuka neno, lakini humfungia matamshi ambamo karibu kila konsonanti hupewa irabu ya kuiegemea. Mzungumzaji wa Kiswahili analielewa jambo hili kuliko walimu wengine wa kigeni, kwa kuwa nasi tuliyapokea maneno kwa njia hiyo hiyo: *benchi* na *kamera* ni yale yale katika lugha zote mbili, na *basi* yetu kwao ni *basu*. Kwa hiyo usimcheke anayesema *burakku* kwa *black*. Mpigie makofi silabi moja, mwache asikie kwamba neno zima limekwisha katika kofi moja.

Kwa nini majina yao huandikwa kwa tahajia tofauti?

Herufi za Kirumi hufundishwa darasa la tatu katika somo la Kijapani, na kwa miaka mingi zimefundishwa kwa mfumo wa serikali wa mwaka 1954, ambao huandika *si*, *ti* na *tu*. Pasipoti na mabango ya barabarani hufuata mfumo mwingine unaoandika *shi*, *chi* na *tsu*, nao ndio unaosomeka kwa wageni. Katika puto la Kiingereza tumia huu wa pili, na umweleze mtoto kwamba hakufundishwa vibaya.

Milio na sauti ziandikwe vipi?

Hapa pana utajiri ambao walimu wengi huupita bila kuugusa. Kijapani kina maneno ya mwigo mengi mno, na katika manga huchorwa makubwa kama sehemu ya picha: *doki doki* ni moyo unaopiga kwa hofu au mapenzi, *zaa zaa* ni mvua kubwa, na *shiin* ni kimya. Naam, wana neno la kuandika kimya, na sisi tunaosema *kimya jii* hatushangai.

Kiingereza kina *splash*, *bang*, *knock knock* na *woof*, lakini hakina tabia ya kuipa sauti kila hali ya moyo. Kwa hiyo mtoto atakuuliza moyo unaopiga unaandikwaje, nawe ukimpa *thump thump* ataona halimtoshi. Wakati huo acha kazi kwa dakika kumi. Chora ubaoni jiwe linaloanguka majini, waulize Wajapani wanasikia nini, watasema *dobon* au *pochan* kulingana na uzito wa jiwe. Andika *splash* ya Kiingereza. Kisha waambie kwamba kwenu jiwe huanguka *chubwi*. Darasa litalisema neno hilo kwa siku tatu. Ndipo wanapotambua kwamba Kiingereza ni lugha moja kati ya nyingi, kwamba nacho kimechagua kusikia dunia kwa namna yake, na hofu yao kwake hupungua.

Uamuzi wangu ni huu: milio ya vitu na wanyama iandikwe kwa Kiingereza, na milio ya moyo iachwe kwa Kijapani katika mchoro, nje ya puto.

Nisahihishe makosa yote?

Usisahihishe yote, wala usitumie kalamu nyekundu juu ya mchoro wa mtoto. Pitia *nemu* ukiwa na vikaratasi vya kubandika, na uchague makosa ya muundo mnaojifunza wiki hiyo pamoja na yale yanayopoteza maana. Kosa utakaloliona mara nyingi ni sentensi isiyo na mtenda, kama *Like soccer*, kwa kuwa Kijapani humwacha mtenda pale anapojulikana. Elekeza kidole kwenye mkia wa puto na uulize *Who?* Mkia umeelekea kwa mhusika anayesema, na mtoto mwenyewe ataandika *I*. Sijapata maelezo ya sarufi yanayoshinda mkia huo.

Wakitumia mashine ya kutafsiri je?

Watatumia, hasa sekondari ya chini, ambako mvulana anaandika hotuba nzima ya shujaa kwa Kijapani na kurudi na Kiingereza asichoweza kukisoma. Kuwapekua hakusaidii. Kanuni inayofaa ni kwamba puto lolote ambalo mwandishi hawezi kulisoma kwa sauti na kumweleza mwenzake litaandikwa upya. Ukiiunganisha na ile ya maneno manane, mashine hubaki kuwa kamusi, nayo kamusi ni halali.

## Mchoro na vifaa

Vipi kuhusu mtoto anayesema hajui kuchora?

Mchoree ubaoni watu wa vijiti wewe mwenyewe, na uwachore vibaya kama unavyochora kweli. Duara, nyusi mbili na mdomo vinatosha kuonyesha hasira, mshangao na usingizi. Jambo moja la kuepuka ni kuwagawa wawili wawili, mmoja mwandishi na mwingine mchoraji, kwani anayechora vizuri atamaliza mradi bila kuandika neno.

Karatasi au tableti?

Kila mwanafunzi wa shule ya lazima ana kifaa chake, kutokana na mpango wa serikali wa GIGA ulioanza mwaka 2019, hivyo uchaguzi ni wako. Napendelea karatasi ya B4 na penseli kwa kazi yenyewe, kwa sababu kwenye tableti muda mwingi huishia kuchagua rangi na mitindo ya herufi. Tableti ni bora kwa kurekodi sauti ya mtoto akisoma katuni yake, na kwa kujilinganisha mwezi mmoja baadaye.

## Alama, haki na faragha

Alama zitolewe kwa kipimo gani?

Shule za Japani hutathmini kwa nguzo tatu: maarifa na stadi, kufikiri, kuamua na kujieleza, na moyo wa kujituma katika kujifunza. Mwalimu mwenye leseni ndiye anayetoa alama, nawe msaidizi unampa ushahidi. *Nemu* pamoja na masahihisho yake ni ushahidi mzuri wa nguzo ya tatu, kwa hiyo zisitupwe. Uzuri wa mchoro usipewe alama hata moja, na watoto waambiwe hivyo siku ya kwanza.

Wanaweza kuchora wahusika mashuhuri wa manga?

Kifungu cha 35 cha sheria ya hakimiliki ya Japani kinaruhusu shule kunakili kazi za watu kwa mahitaji ya darasa, kwa kiasi kisichomdhuru mwenye haki isivyostahili. Kuweka kazi hiyo kwenye tovuti iliyo wazi kwa umma hakumo katika ruhusa hiyo. Mimi huwashauri wabuni mhusika wao, kwa sababu ya lugha zaidi kuliko ya sheria: mhusika mashuhuri huja na maneno yake ya Kijapani ambayo mtoto atatamani kuyatafsiri, nasi tunarudi kwenye tatizo la mashine.

Je, ninaweza kuwaonyesha ndugu zangu nyumbani kazi hizo?

Bila idhini ya shule na ya wazazi, hapana, hata kama umefuta jina. Katuni za watoto hutaja mitaa yao, timu zao na magonjwa ya bibi zao.

## Hali za pekee

Mwanafunzi amemchora mwenzake kwa dhihaka. Nifanyeje?

Chukua karatasi bila kelele, na umpe mwalimu wa darasa siku hiyo hiyo. Japani ina sheria ya kuzuia uonevu shuleni tangu mwaka 2013, na shule ina wajibu wa kufuatilia hata jambo linaloonekana dogo. Usilitatue mwenyewe kwa Kiingereza wala kwa Kijapani chako cha kuunga-unga. Mwalimu wa darasa anajua historia ya watoto hao wawili, wewe huijui. Zuia mapema kwa kanuni moja: wahusika wote wawe wa kubuni, na hakuna jina la mtu wa shule hii.

Kuna mtoto ambaye hata Kijapani hajakimudu. Ashiriki vipi?

Katika miji kama Hamamatsu utakutana na watoto wa familia za Kibrazili, waliozoea Kireno nyumbani. Katuni huwafaa kuliko kazi nyingi, kwa kuwa maelekezo yanaonekana kwa macho. Kanuni ya maneno manane ibaki ile ile, lakini mruhusu aandike *nemu* kwa Kireno. Siku ya kusomeana mwombe asome puto moja kwa lugha yake kabla ya kulisoma kwa Kiingereza, ikiwa mwenyewe anataka.

Na yule ambaye vipindi vitano vimeisha na maputo yake yote ni matupu?

Tazama kwanza mchoro wake. Mara nyingi kila kitu kimo: watu, mvua, mlango uliofungwa. Mtoto huyo anaogopa kukosea kwa wino, si kwamba hana la kusema. Kaa kando yake, usisimame juu yake, na uandike wewe kwa penseli, kwa wepesi, mapendekezo mawili kando ya kisanduku kimoja tu: *Help me* na *I'm OK*. Muulize kwa kidole ni lipi. Akishaonyesha, mpe penseli alinakili mwenyewe ndani ya puto, kisha nenda kwa mtoto mwingine. Visanduku vitatu vilivyobaki vinaweza kukabidhiwa hivyo hivyo, bila maneno, na katika kusomeana atakuwa na puto moja la kusoma.